Kabla Hujanunua Mathabodi ya Seva ya Nyumbani, Soma Kwanza Historia Yake

Hii si ile post ya "bodi 5 kali za mwaka huu." Wale wa kutafuta taa za rangi na bodi ya kuchezea gemu, leo mnisamehe. Leo nataka tuongee kuhusu mathabodi ya kompyuta ambayo kazi yake ni moja tu: kukaa kwa kona ya nyumba, kimya, na kutunza vitu ambavyo ukivipoteza havirudi.

Nilivipoteza, ndio maana naandika.

Mwaka 2019 nilianza kumrekodi kukhu wangu kwa simu, hapa nyumbani Buyangu, ukingoni mwa msitu wa Kakamega. Kukhu alikuwa na stori za kuanzia enzi za babake, wakati wazungu walipomiminika Kakamega kusaka dhahabu. Hiyo si hekaya. Dhahabu ilipatikana 1931, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili wachimbaji waweze kuchukua mashamba bila wenyewe kupewa ardhi nyingine. Ukisoma vitabu utapata sheria hiyo. Lakini jina la mti ambao babu yake kukhu alikuwa akikutania chini yake na wazee kabla hawajasukumwa, hilo halimo kwa kitabu chochote. Lilikuwa kwa kichwa cha kukhu, halafu likawa kwa simu yangu. Rekodi 41. Kukhu alituacha 2022.

Leo zinafunguka 34. Zile 7 zingine, ukizibonyeza zinacheza dakika mbili tatu, sauti inakatika kama redio iliyopita chini ya daraja, halafu kimya. Diski zangu zilikuwa mbili na zote zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mathabodi.

Najua swali lenu. Si ungeweka kwa klaudi tu? Naweka pia, sikatai. Lakini mimi ni mtu wa vidio, faili zangu zinajaza terabaiti kadhaa, na bando ya kupandisha hiyo mzigo yote kutoka Buyangu nitaitoa wapi. Pia mnakumbuka 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kule baharini upande wa Afrika Kusini na sisi huku tukaanza kusubiri picha moja ifunguke kama tuko kwa foleni ya Huduma Centre. Wiki sita baadaye, 25 Juni, siku mnayoijua, intaneti ikashuka tena nchi nzima. Siku kama hizo, kitu kilicho kwa nyumba yako unakifungua, na kilicho kwa nyumba ya mtu mwingine unaomba.

Na sisi Wakenya tunajua sana habari ya kumbukumbu zetu kukaa kwa nyumba ya mtu mwingine. Wakoloni walipoondoka walibeba mafaili, mengine wakayachoma, na yaliyobebwa yakafichwa Uingereza mahali panaitwa Hanslope Park. Ilichukua kesi ya wazee wa Mau Mau kule London ndio, mwaka 2011, serikali ya Uingereza ikubali kuwa ilikuwa imekalia mafaili karibu 8,800 kutoka makoloni 37. Nusu karne karatasi zilikuwa zipo, tena salama kabisa. Shida ilikuwa ufunguo uko mfukoni mwa nani.

Basi, turudi kwa bodi.

Mathabodi ni nini? Wale wa vitabu wanaiita ubao mama. Ni ule ubao mkubwa wa kijani, au mweusi siku hizi, ambao kila kitu kinapandwa juu yake: prosesa, RAM, diski, mtandao, stima. Watu husifu prosesa kwa sababu ina namba za kuringia, lakini hakuna baiti moja inayotoka kwa diski kwenda popote bila kupita kwa mathe. Akiwa mgonjwa, nyumba yote inaugua.

Zamani haikuwa hivyo. Altair 8800, ile kompyuta ya kujiundia iliyotoka Marekani Januari 1975, haikuwa na mama wa kweli. Ilikuwa na ubao wa kupitisha nyaya tu, na kila kitu hadi prosesa yenyewe ilikuwa kwa kadi unachomeka. Apple II ya 1977 ikaweka mambo muhimu kwa ubao mmoja na kuacha sloti 8 za wageni. Halafu 12 Agosti 1981 IBM ikatoa PC yake, yenye bodi ya sloti 5 na RAM ya kilobaiti 16 hadi 64. Soma hiyo tena: kilobaiti. Picha moja ya simu yako haingetoshea hapo hata ukiikata mara hamsini.

Lakini IBM ilifanya kitu kimoja ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko mashine yenyewe. Ilichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya bodi nzima. Yeyote aliyejua kusoma michoro angeweza kujua mashine inafanya kazi vipi. Compaq wakaja 1982 na kopi yao halali, wengine wakafuata, na kabla miaka 10 haijaisha dunia ilikuwa imejaa kompyuta zinazofanana na ya IBM ambazo hazikutengenezwa na IBM. Sababu ya fundi wa Kakamega leo kuweza kutoa RAM kwa mashine moja na kuiweka kwa nyingine inaanzia kwa kile kitabu.

Waliofaidika zaidi ni Taiwan. Gigabyte na MSI zilianzishwa 1986. Asus ikaja 1989, wakiwa wahandisi wanne waliotoka Acer, na mwaka 2002 ikazaa ASRock. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kinachoitwa ATX, milimita 305 kwa 244, kikisema matundu ya skrubu yakae wapi, plagi ya stima ikae wapi, kila kitu. Wadogo zake wakafuata: microATX mwaka 1997, halafu Mini-ITX ya kampuni ya VIA mwaka 2001, milimita 170 kila upande. Hivyo vipimo bado ndivyo tunavyotumia. Kesi ya kompyuta ya 1999 unaweza kuifungia bodi ya juzi na skrubu zikaingia sawa. Niambie simu gani inakupa hiyo heshima.

ATX ilileta kitu kingine ambacho kwangu Buyangu kimegeuka kuwa muhimu sana, nitakirudia. Kabla yake, swichi ya kompyuta ilikuwa swichi kweli, kama ya taa: unakata stima. Kwa ATX, bodi hubaki na stima kidogo hata ukiizima, imelala jicho moja wazi, ikingoja amri ya kuamka.

Sasa tuingie nyumbani. Seva za nyumbani hapa Kenya hazikuanza na watu wa IT. Zilianza na maduka ya movie.

Wale wa umri wangu mnakumbuka. Kabla ya kebo za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa 2009, intaneti ya nchi hii ilikuwa inapitia setilaiti, bei ya damu, na hata baada ya kebo kufika haikuingia kwa nyumba zetu mara moja. Kwa hivyo ulikuwa unaenda na flashi kwa duka, unakuta mlango wa mabati, mabango ya Prison Break yamepauka, na jamaa mmoja amekaa mbele ya kompyuta haina hata kifuniko cha pembeni. "Unataka nini, series ama za DJ Afro?" Anakopi, unalipa, unaenda. Nilifanya kazi kwa duka moja kama hilo mjini Kakamega likizo mbili nikiwa sekondari, na nikawaambia ukweli, pale ndipo nilijifunza hii elimu.

Ile mashine ya duka ilikuwa nini? Ilikuwa seva ya kuhifadhi data. Hatukuiita hivyo, lakini ilikuwa na diski nne zinazozunguka mchana kutwa, ikihudumia watu, na ikifa duka linafungwa. Boss wetu hakujua maneno makubwa. Alijua kitu kimoja: akienda Nairobi kununua mashine ya eks-UK, alikuwa anafungua pembeni kwanza, anahesabu matundu ya SATA kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Mashine yenye mbili hakununua hata iwe na prosesa ya ajabu. Wauzaji walikuwa wanamwambia habari ya spidi, yeye anahesabu matundu.

Yale matundu nayo yana historia. Kabla ya SATA kuanza kuonekana kwa bodi za kawaida mwaka 2003, diski zilitumia waya mpana kama mkanda, na waya mmoja ulibeba vifaa viwili tu. Bodi ya kawaida ilikuwa na nyaya mbili, na kifaa kimoja kilikuwa CD. Hesabu ni diski tatu, basi. SATA ikasema kila diski na waya wake, waya mwembamba. Hapo ndipo mtu wa kawaida alianza kuweza kupanga diski nne, sita, nane kwa bodi ya bei ya kawaida. Bila huo waya mwembamba duka la movie lisingekuwepo vile lilivyokuwa.

Boss alikuwa na kosa moja, na nikalirithi. Alihesabu matundu, hakuangalia kapasita.

Kapasita ni zile tini ndogo za mviringo zinazosimama karibu na prosesa. Kazi yake ni kutuliza stima: ikija nyingi zinameza, ikipungua zinatoa. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na kama 2007, dunia ilipata mkosi mkubwa. Kapasita nyingi zilitengenezwa na majimaji mabovu ndani. Zikipata joto zinavimba kichwa, zinapasuka, zinatoa uchafu wa kahawia. Dell peke yake ilituma sokoni kompyuta karibu milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kati ya Mei 2003 na Julai 2005, na mwaka 2005 ikatenga dola milioni 300 kushughulikia hilo tatizo. Watengenezaji wengine wengi nao walikumbwa.

Sasa jiulize, kompyuta za ofisi za Ulaya za miaka hiyo zilipostaafu, zilienda wapi? Baadhi zilikuja huku. Maabara za shule, cyber, maduka ya movie. Kizazi chetu kilijifunzia kompyuta zenye vichwa vilivyovimba, na mwalimu akisema "hii imekataa kuwaka, tumia ya jirani" hakuwa anajua anasimulia historia ya kiwanda cha Asia.

Seva yangu ya kwanza, 2021, ilikuwa mashine ya aina hiyo. Jina la kampuni nitaliacha, haikuwa kosa lao kuwa niliinunua ikiwa na miaka kumi na kitu. Matundu manne ya SATA, safi. Kapasita mbili zilikuwa zimeinua kichwa kidogo sana, kama chapati inapoanza kushika moto. Niliziona. Nikajiambia, si inawaka?

Iliwaka. Ila mara moja moja ilikuwa inajizima katikati ya kukopi, na mimi naiwasha tena, naendelea na maisha. Kila usiku programu ilikuwa inakopi diski ya kwanza kwenda ya pili, kwa hivyo faili ikiharibika kwa ya kwanza, asubuhi imeharibika kwa zote mbili. Nilikuwa nimejenga mashine ya kusambaza hasara kwa uaminifu. Simu ya zamani nilikuwa nimeshaifuta na kumpa binamu. Niligundua siku tuliyotaka kucheza sauti ya kukhu kwa kumbukumbu yake ya mwaka mmoja, familia yote imekaa nje kwa viti vya plastiki. Shangazi yangu akaniuliza, "Si ulisema umeweka?" Sikuwa na jibu.

Baada ya hapo ndio nikaanza kusoma. Na nilichogundua ni kuwa historia ya bodi za kuhifadhi data imejaa aibu ambazo watu wanaouza hawakuambii, na nyingi bado zinatembea sokoni.

Chukua 31 Januari 2011. Intel ilikuwa imetoa kizazi chake kipya, wanachokiita Sandy Bridge, wiki chache tu zilizopita. Siku hiyo ikasimama hadharani kusema ile chipu ya pembeni inayoshughulikia diski ina kasoro. Matundu mawili ya SATA ya kasi ya juu hayakuwa na shida. Yale manne ya kasi ya chini ndio yangechakaa polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya transista moja iliyopewa stima nyingi kuliko uwezo wake. Intel ikakadiria gharama ya kurekebisha kuwa dola milioni 700, na mauzo ya dola milioni 300 yakapotea. Bodi zilizorekebishwa zilibandikwa alama ya B3.

Mtu wa gemu mwenye diski moja hata asingejua. Lakini wewe mwenye diski nne? Mbili kati ya hizo ziko kwa tundu linalokufa. Na bodi za kizazi hicho bado zipo kwa rafu za mitumba, bei rahisi, muuzaji anakuapia kuwa ni nzima. Ni nzima, kwa hayo matundu mawili. Ukikutana nayo, tafuta B3 kwa kibandiko au kwa BIOS. Usipoiona, chomeka diski kwa yale ya kasi tu ama uachane nayo.

Halafu kuna ile iliyoniuma zaidi kwa sababu ningeinunua mimi mwenyewe. Mwaka 2013 ASRock ilitoa bodi inaitwa C2550D4I na dadake C2750D4I. Mini-ITX, ubao mdogo kama sahani, wenye matundu 12 ya SATA, unakula stima kidogo, na unakubali RAM ya kujirekebisha. Kwa watu wa seva za nyumbani ilikuwa kama imetengenezwa na mtu aliyesikia maombi yao. Wengi walijenga juu yake. Kufikia Februari 2017, Cisco ikatangaza kuwa baadhi ya vifaa vyake vina kijenzi cha saa ambacho kinaweza kuanza kufeli baada ya miezi 18 hivi, na ikajulikana kuwa chanzo ni familia ya prosesa za Intel Atom C2000, zile zile zilizo kwa bodi hizo. Kifaa kinafanya kazi vizuri, unakizima siku moja, hakiwaki tena milele. Na kwa kuwa prosesa imechomelewa kwa bodi, huwezi kubadilisha moja bila nyingine.

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu bodi ndogo zenye kila kitu. Uzuri wa kile kitabu cha IBM cha 1981 ulikuwa kwamba kila kipande kina mlango wake. Tunapochomelea kila kitu pamoja tunapata udogo na bei nzuri, na tunarudisha ufunguo kwa kiwanda.

Kuhusu RAM ya kujirekebisha, yaani ECC, nitapita haraka kwa sababu watu hupigana sana hapa. RAM ya kawaida mara moja moja hugeuza 0 kuwa 1 bila kumwambia mtu. Utafiti wa mwaka 2009 uliofanywa kwa seva za Google uliona kuwa zaidi ya 8% ya vipande vya RAM vilipata hitilafu angalau mara moja kwa mwaka. ECC inagundua na kusahihisha kosa dogo. Intel kwa miaka mingi imeifungia kwa prosesa na bodi za bei ya kiofisi, na Januari 2021 Linus Torvalds, baba wa Linux, aliwafokea hadharani kwa hilo. Mimi niko upande wake. Kuna watu wataniambia ECC kwa nyumba ni kujipendekeza. Wao hawana faili 7 za aina yangu.

Sasa soko la leo. Bodi inayosifiwa sana ni zile ndogo za kutoka China zenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka Januari 2023, inayopimwa wati 6. Nyingi zina matundu sita ya SATA. Nilikaribia sana kuinunua. Ila N100 yenyewe inaleta matundu mawili tu, mengine yanatoka kwa chipu ya pembeni kama JMB585, na ubora wa kazi unategemea kiwanda ambacho huenda mwakani hakitakuwa na jina hilo. Ukitaka sasisho la BIOS, unamuuliza nani? Kwa seva ya kutazama movie, nunua, hakuna ubaya, stima yake ni nafuu kweli.

Tufanye hesabu ya stima basi, kwa sababu hapo ndipo maneno huisha. Tuseme yuniti moja ni shilingi 28. Mashine yangu ya kwanza nilipima ikala wati 85. Ikiwaka siku 30 bila kuzimwa ni yuniti 61, yaani shilingi 1,714. Bodi ya N100 yenye diski mbili, tuseme wati 22, ni shilingi 444 hivi. Ile niliyonunua mwishowe inakula wati 38, shilingi 766. Tofauti ya mbili za mwisho ni shilingi 322 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya RAM ya kujirekebisha na prosesa ninayoweza kuichomoa. Kila mtu apime na mfuko wake.

Niliyonunua ni kompyuta kubwa ya kazi za wahandisi, eks-UK, ya mwaka 2016, yenye chipu ya C236 na ECC. Chini ya elfu thelathini pale Nairobi. Nilifungua pembeni mbele ya muuzaji. Nikahesabu matundu kama boss: sita. Nikaangalia kapasita na tochi ya simu moja moja, na zilikuwa zile ngumu zisizo na majimaji. Nikaingia BIOS, nikaona mwenyewe kuwa ECC inasomeka. Muuzaji akaniambia, "Bro, unanunua ama unaoa?" Tatizo lake moja: plagi ya stima si ya ATX ya kawaida, ni ya kampuni yenyewe, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za ofisi. Kwa hivyo niliomba pawa saplai ya pili, nikalipa kando. Usinunue bodi tupu ya aina hii ukidhani kesi yako ya nyumbani itaikubali.

Kitu cha mwisho nilichotafuta kwa BIOS ni kile kinachotokana na ile ATX inayolala jicho wazi. Kuna mpangilio unaosema: stima ikirudi, fanya nini? Baki umezima, au waka. Bodi nyingi za ofisi zinao, chache za bei rahisi hazina.

Kwetu huo mpangilio si anasa. Kakamega ni nchi ya radi. Asubuhi jua, tumbili wanapiga kelele kwa msitu, kufikia saa nane au saa tisa mchana mawingu yamekuja kutoka upande wa ziwa, na ikianza kunguruma huko kwa kilima cha Buyangu kila mtu anachomoa kila kitu. Hakuna kifaa cha kuzuia radi ninachokiamini kuliko plagi iliyo mkononi. Mimi niko Nairobi siku nyingi. Kwa hivyo seva inajizima yenyewe saa saba mchana, na mama anachomoa. Asubuhi baada ya kukamua anachomeka, bodi inaona stima, inawaka, haihitaji mtu wa kubonyeza. Mara ya kwanza alinipigia simu, "Mwanangu, hii kitu imeamka yenyewe, nimuite fundi?" Nikamwambia, "Hapana mama, iache, ndivyo inavyofanya."

Diski zinatumia ZFS, mfumo ulioanzia kwa kampuni ya Sun na kufunguliwa kwa umma 2005. Huo huhesabu kila kipande cha faili na kugundua kikibadilika, badala ya kukopi uharibifu kama nilivyokuwa nafanya. Diski ya tatu iko kwa shangazi, ng'ambo ya barabara kuu. Yeye ndiye aliyeniuliza lile swali, nikaona ni haki akae na nakala.

Zile 34 zimeshaingia zote. Ya kwanza kukopi ilikuwa ya Agosti 2019, dakika 52, mvua iko kwa mabati na kukhu anakatiza stori ya babake kila mara ili kufukuza kuku jikoni. Jina la ule mti liko dakika ya 31. Kati ya zile 7, nimempa kijana mmoja anayejua kazi ya sauti, na kufikia jana usiku amenitumia dakika nne kutoka kwa moja.